Moyo Wangu Ulihamia Kulia

Jumatatu baada ya dabi ya Kariakoo, ambayo Simba tulifungwa na sitaki kuulizwa mangapi, moyo wangu ulianza visa. Unakwenda vizuri, unaruka pigo moja, halafu unarudi kwa kishindo kama konda anapopiga ubavu wa daladala. Mama Zawadi, Yanga damu, akasema hayo ndiyo malipo yangu, ila hospitali niende.

Daktari akaniandikia ECG ya kesho yake. "Kipimo cha umeme wa moyo," akasema, na mimi nikaishia kusikia umeme. Pasi ya nyumbani imeshanirusha mara mbili. Usiku sikulala. Alfajiri Mama Zawadi akanipaka mafuta ya nazi kifua kizima, eti nisije nikavua shati mbele za watu nimepauka kama nimelala kwenye saruji.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nesi alinilaza kitandani, akaleta vikombe sita vya mpira, vile vya kunyonya ngozi, ndugu zake chuku. Akibandika cha tatu, cha kwanza kinachomoka: pwa! Akikirudisha, cha pili kinateleza hadi kwapani.

"Baba, umejipaka nini?"

"Nazi, sista."

Akanisugua kwa spiriti mpaka nikanukia kama sindano. Nikamuuliza kama shoti yenyewe ni kali. "Haikupigi shoti, baba. Moyo wako una umeme wake mdogo, mashine inausoma tu. Kama mita ya Luku." Roho ikatulia.

Kisha akatoa vibanio vinne, vikubwa kuliko vya kuanikia nguo. Mkono wa kulia chekundu. Mkono wa kushoto cha njano. Mguu wa kushoto cha kijani, wa kulia cheusi. Nikavitazama. Njano, kijani, nyeusi: hiyo ni jezi! Viungo vitatu wamepewa Yanga, Simba kaachiwa mkono mmoja, tena ule ulio mbali na moyo. Na moyo wenyewe ulikuwa unaumwa kwa sababu yao.

Mashine ikawa imeishiwa karatasi, nesi akatoka kufuata. Jamani, nilikuwa peke yangu na shetani. Nikainuka taratibu, chekundu nikakihamishia kushoto, cha njano kulia, nikalala tena kama maiti yenye adabu.

Nesi akarudi mbiombio, foleni ilikuwa imefika mlangoni. "Tulia, usiongee, usikaze mwili, pumua kawaida." Sekunde kumi tu, kazi imekwisha. Karatasi yenye vijiraba ikatoka taratibu.

Daktari akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akairudisha. Akavua miwani.

"Mzee wangu, umewahi kuambiwa moyo wako uko upande wa kulia?"

Ukaruka mapigo matatu hapohapo. Akanieleza wapo watu wanaozaliwa hivyo na wanaishi salama. Akaniwekea kipimo cha masikioni kifuani kulia, akasikiliza. Akakihamishia kushoto. "Mbona uko huku huku?" Akairudia karatasi: mistari ya vikombe vya kifuani ilikuwa sawa kabisa, ila ule wa mikononi ndio uliosimama kichwa chini.

"Sista, waya za mikono ulifunga sawasawa?"

Nesi akaapa kwa mama yake. Nikaona binti wa watu ataandikiwa barua kwa ushabiki wangu. Nikakohoa, nikasema yote, jezi na kila kitu. Daktari alicheka mpaka akashika meza, na nesi alipomaliza kucheka akanifunga upya, safari hii kibanio chekundu akikishikilia mwenyewe.

Karatasi ya pili ikatoka safi. Ila daktari akanionya kwamba kipimo hiki kinaona zile sekunde tu; ukianza kuruka tena, atanivalisha kifaa kidogo cha kurekodi saa 24. Nikauliza waya zake ni za rangi gani. Hakunijibu.

Nyumbani Mama Zawadi akakuta duara sita kifuani, akadhani nimepigwa chuku. Nikamsimulia. Karatasi ya pili kaibandika sebuleni, chini ya kalenda ya Yanga. Ile ya kwanza niliiomba kwa daktari. Ninayo kwenye pochi.