Kulipia kuangalia maua? Ndiyo, na nitalipa tena

Mtu mmoja kwenye kundi letu la Watanzania tunaoishi Uingereza aliweka picha ya bango la njano lililotundikwa getini kwa jirani yake: bustani iko wazi Jumapili mchana, kiingilio paundi tano, watoto bure, chai na keki vipo. Chini yake akaandika, "Hawa watu wamemaliza mambo yote. Sasa mtu unalipa kuangalia maua ya mwenzio." Vicheko vikaendelea mpaka usiku. Mimi sikucheka, na jibu nililokuwa nalo halikutosha mistari miwili, ndiyo maana naliandika hapa.

Mabango yale ni ya National Garden Scheme, mpango wa hisani ambao watu wanafungua bustani zao kwa kiingilio. Tunayapita kila kiangazi bila kuuliza pesa zile zinakwenda wapi. Zinakwenda kwa wauguzi: mashirika ya hisani ya Macmillan na Marie Curie, hospisi (vituo vya kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona), Queen's Nursing Institute (taasisi ya wauguzi wa majumbani), pamoja na wanaowasaidia watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa saratani nchi hii anamjua muuguzi wa Macmillan. Na ndani ya kundi letu wapo waliouguza, tena wapo waliozika.

Mwaka 1859 mfanyabiashara wa Liverpool, William Rathbone, alikuwa na mke anayekufa nyumbani. Akamwajiri muuguzi, Mary Robinson, amtunze hadi mwisho. Mke alipofariki, Rathbone alimwomba muuguzi yule aendelee na kazi, safari hii kwa maskini wa mji, waliokuwa wanakufa kwenye vyumba vyao bila mtu wa kuwageuza kitandani. Uuguzi wa nyumba kwa nyumba Uingereza ulikua kutoka hapo. Mwaka 1926 taasisi iliyowasimamia wauguzi hao ilikuwa inatafuta fedha, na mjumbe wa baraza lake, Elsie Wagg, akatoa wazo: nchi imejaa bustani nzuri ambazo hakuna anayeziona zaidi ya wenyewe na rafiki zao, basi waombwe wafungue mageti. Mwaka uliofuata zilifunguliwa bustani 609, kiingilio shilingi moja kwa kichwa, zikapatikana paundi 8,191. Paundi ya wakati ule ilikuwa shilingi 20. Piga hesabu uone ni watu wangapi.

Shilingi moja kwa kichwa. Hapo ndipo penye hoja yangu, na naomba mnisikilize vizuri.

Sisi tunachangaje? Linaundwa kundi la WhatsApp, mweka hazina anabandika orodha. Jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Kila jioni orodha inarudi, na aliyeahidi laki mbili akalipa hamsini anaonekana na watu mia. Kwenye harambee ni hivyo hivyo: mwenye kipaza sauti anataja jina, anataja kiasi, watu wanapiga makofi kulingana na kiasi. Najua wanawake waliokopa ili jina lao lisikae vibaya kwenye orodha ya harusi ya mtu wanayekutana naye mara moja kwa mwaka. Najua mzee aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu hakuwa na kiasi cha kusomwa mbele ya watu siku ya ahadi. Mchango wa namna hii unaleta fedha, sikatai, na umesomesha watoto na kurudisha maiti nyumbani. Lakini unamuumiza asiyenacho, na huyo ndiye mara nyingi tunayesema tunamchangia.

Getini kwa jirani yule hakuna orodha. Daktari analipa tano, mfagia ofisi analipa tano. Mwenye kutaka kuongeza ananunua keki ya pili au mche wa maua, na hakuna anayeandika. Mwenye bustani naye hatoi fedha kabisa. Anatoa magoti yake, miaka yake ya kupalilia, na uvumilivu wa kuacha watu asiowajua wapite karibu na dirisha la jikoni kwake. Mstaafu anayeishi kwa pensheni ndogo anaweza kuleta kwa wauguzi kiasi ambacho mfukoni hanacho wala hatakuwa nacho. Nionyesheni njia nyingine inayompa mtu wa kawaida uwezo huo.

Kweli, baadhi ya bustani hizo ni za majumba makubwa yenye watunza bustani wa kulipwa, na utajiri wa baadhi ya majumba hayo ulitoka kwenye jasho la watu waliofanana na sisi. Hilo halifutiki kwa keki. Lakini kwenye orodha zipo pia bustani za nyuma ya nyumba zilizoshikana kwa safu, na majirani wanaoungana mtaa mzima kwa sababu bustani moja ingekuwa ndogo mno. Wanachouliza waratibu wa kujitolea wa mpango huo ni kama mgeni atapata vya kumshughulisha kwa dakika 45 hivi.

Wapo watakaosema wauguzi walipwe na serikali. Walipwe. Mgonjwa wa leo usiku hatangoja bajeti.

Na usalama? Nani Dar, nyumba ina ukuta na nyaya za umeme, atafungulia watu geti? Jamani, siku ya msiba tunafungua. Turubai linafungwa uani, masufuria yanapangwa, na watu ambao marehemu mwenyewe hakuwajua wanakula na kulala kwetu siku tatu. Hakuna anayeulizwa umetoka wapi. Ukarimu huo tunao tayari, tunachokosa ni kuutumia kabla mtu hajafa.

Mama yangu mdogo alifia nyumbani, kule mlimani Moshi, kwa saratani. Wiki za mwisho hakukuwa na muuguzi wa kuja wala mofini, dawa kali ya maumivu. Wifi yangu alimkanda kwa maji ya moto usiku kucha kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa. Uganda, tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya maji inachanganywa kwa bei nafuu na wauguzi wanaifikisha nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo maumivu yale hayakuwa ya lazima. Tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, inahitaji muuguzi, pikipiki, mafuta na dawa. Ni gharama inayoweza kutoka getini.

Na bustani tunazo. Nani hapa hajaona kihamba kilichotunzwa, shamba la Mchagga linalozunguka nyumba: masale yamepandwa mpakani, mfongo wa maji (mfereji) unapita, migomba ya mshare juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni kwenye maji? Watalii wanalipa kuingia mashamba ya kahawa kule kijijini Materuni, na wanaondoka wameshangaa. Sisi tuliozaliwa humo ndio tunaocheka kwamba mtu analipia majani.

Pendekezo langu ni Desemba. Moshi inajaa magari kutoka Dar na Arusha, watu wamerudi kula Krismasi, vihamba vimesafishwa, kila mtu yuko nyumbani na hana pa kwenda tarehe 27. Majirani wanne au watano kwenye kijiji kimoja wafungue mchana mmoja. Kiingilio elfu mbili kwa kila mtu mzima, awe amekuja na gari au kwa miguu, watoto bure. Chai na vitumbua viuzwe pembeni, miche ya kahawa na maua iuzwe. Wenye vihamba waombwe kwanza, na atakayekataa asisemwe. Boksi la fedha lifunguliwe jioni ile ile mbele ya watu, lihesabiwe kwa sauti, likabidhiwe kwa wauguzi wa tiba shufaa wa hospitali iliyo karibu, na risiti ibandikwe kwenye kundi. Itangazwe jumla peke yake, bila jina la mtu.