Paka Juu ya Sinthesaiza: Nani Kampandisha?

Picha ni ile ile na watu hawaichoki: paka kajilaza juu ya sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, mkia unaning'inia kwenye vibonyezo vyeupe, nyaya za rangi zimemzunguka kichwa. Wapo wanaoitazama kwa uchungu. Wanasema mnyama kageuzwa pambo, kapandishwa kwenye mashine asiyoijua ili mwenye mashine asifiwe. Hoja hiyo ina uzito, ila nahisi wengi wanaoitoa hawajawahi kuishi chumba kimoja na paka na kinanda cha umeme.

Paka wangu hulala upande wa kushoto, nyuma, kila siku pale pale. Kwa muda mrefu nilidhani anapenda muziki. Siku moja nikaweka kiganja alipotoka kuamka: transfoma, kifaa cha kubadili nguvu ya umeme, ipo chini ya bati hilo, na bati lina uvuguvugu hata nywele zake zikiwa hazipo. Jambo zima liko hapo. Mwili wa paka hauna haja ya kuhangaika kujipasha wala kujipoza pale joto la mazingira linapokuwa kati ya nyuzi 30 na 38 za Selsiasi. Hebu itafakari namba hiyo. Chumba cha nyuzi 22, ambacho binadamu anakiona cha starehe, kwa paka ni baridi. Muda wote anaokaa humo anatumia nguvu za chakula kulinda joto lake la mwili, ambalo ni nyuzi 38 na ushei. Akiona bati lenye moto kidogo, lililoinuka, linalomtosha kujikunja huku anauona mlango, nani ambebe? Ukimshusha, utageuka tu umkute karudi. Vyombo vya zamani vya analogi, ambavyo umeme wao mwingi huishia kuwa joto, ndivyo vinavyomvuta zaidi. Gitaa halina joto, lakini kasha lake likiachwa wazi lina kitambaa laini na kuta pande zote, na paka ni mpenzi wa sanduku.

Kwa hiyo picha nyingi za namna hii hazina mwigizaji. Zina mtu aliyekuja kupiga muziki akakuta nafasi imeshachukuliwa.

Wanaopinga wana historia upande wao, na siifichi. Mwaka 1650 Athanasius Kircher, padri na msomi wa Kijerumani, katika kitabu chake Musurgia Universalis, alieleza kinanda cha paka: paka wamefungiwa safu moja, kila kibonyezo kikichoma mkia wa mmoja wao ili alie. Mwaka 1984 Mmarekani Charlie Schmidt alimrekodi paka wake Fatso "akipiga" kinanda, kumbe miguu inashikwa na mikono ya mtu chini ya kijishati alichovishwa. Ukatili wa jambo la kwanza hauna kifani na la pili ni mchezo tu, lakini kote paka hakuchagua. Walinganishe na paka Nora, ambaye video yake ilienea mwaka 2007: alikaa mwenyewe kwenye kiti cha piano akabonyeza anavyotaka, na mwaka 2009 Mindaugas Piečaitis wa Lithuania akamtungia kazi iitwayo CATcerto, okestra ya watu wazima ikimfuata paka.

Jambo linalonitia wasiwasi kweli ni masikio. Sisi tunasikia sauti hadi herzi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Paka anasikia mpaka karibu 85,000. Sinthesaiza iliyounganishwa na spika kubwa hapo alipolala ni mateso, hata kama alipanda kwa hiari. Ndiyo maana mimi hutazama masikio kabla ya kitu kingine: yakiwa yamelala nyuma na mkia unapigapiga, huyo yuko pale kwa lazima. Macho yaliyosinzia na miguu iliyokunjwa chini ya kifua hayaigizwi.

Kuhusu manyoya kuingia kwenye vitelezi, yaani swichi za kusogeza, funika chombo kwa kitambaa. Atalala juu ya kitambaa.

Mimi sasa huzima spika na kuvaa hedifoni. Yeye hubaki kushoto, nyuma, mguu mmoja umelalia kibonyezo cha chini kabisa na sauti hiyo moja nzito haikomi, nami hupiga kwa vibonyezo alivyonibakishia.