Riyali 1,800 na mikorosho 80

Mpwa wangu aliteremka kwenye basi la Newala jioni, akaja moja kwa moja kwangu Mikindani. Hakuwa na mzigo. Alinisalimu, akanywa maji, kisha akanipa simu nisome. Ujumbe ulikuwa mfupi: walinzi wanahitajika Qatar, mshahara riyali 1,800 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya kampuni, gharama za kuondoka shilingi milioni 5, nafasi zimebaki chache.

"Mjomba," akasema, "nataka kuuza ile mikorosho."

Mikorosho hiyo ni 80, aliachiwa na bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi. Huku kusini wengi wetu tunahesabu ukoo upande wa mama, na jambo kama hili halipiti bila mjomba kusema neno. Nimechukua wiki kadhaa kulisema neno hilo, kwa sababu kila nilipokaribia kusema "usiende" niliona nina hoja nusu, na kila nilipokaribia kusema "nenda" niliona hivyohivyo. Naandika hapa nilichokipima, kwa kuwa najua ujumbe kama ule umefika kwenye simu nyingi za Mtwara na Lindi.

Nianze na dada yangu, mama wa kijana, anayetaka aende. Aliniuliza swali moja ambalo bado linaniwasha: "Akae hapa ahesabu nini?" Kijana ana cheti cha VETA cha umeme wa majumbani. Tangu amalize anafanya vibarua. Mwezi mzuri hupata shilingi 250,000, mwezi mbaya hana hata ya vocha. Tumewahi kuambiwa kwamba ajira zitakuja na gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na mradi wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, tumeuzungumza mpaka watoto waliozaliwa tukiuzungumza wameingia sekondari. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, nako kulikuwa na kazi za ujenzi wa mradi wa gesi karibu na Palma, mpaka mashambulizi ya Machi 2021 yalipozisimamisha. Kwa mtu aliyekwishasubiri namna hii, kumwambia "subiri tufanye utafiti kwanza" ni kumwongezea foleni.

Dada ana hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Anasema wanaokwenda na kufanikiwa hawakuwa na takwimu, walikuwa na mtu. Aliyetangulia alimvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu. Aliyeanza kwa kufagia akajifunza kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, mshahara ukapanda, na hakuna karatasi ambayo ingemwonyesha hilo akiwa Newala. Wazee wetu nao, anasema, walikwenda kukata mkonge Tanga bila kumuuliza mtu.

Hapo kwenye mkonge ndipo nilipomkatalia. Wazee waliulizana sana, hasa waliokwenda mara ya pili. Waliokuwa wakichukuliwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kutafuta wafanyakazi, waliahidiwa mshahara wa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukufanya kazi haikuandikwa. "Mwezi" wa kipande kwa hiyo haukuwa mwezi wa kalenda. Manamba, yaani kibarua wa mkonge, aliyekuwa mgeni alijua hilo akiwa shambani. Mkongwe alilijua kabla ya kupanda gari, na alimwambia mdogo wake. Maarifa yaliyosafiri mdomo kwa mdomo namna hiyo yalikuwa utafiti kamili.

Na sisi wa leo tunayo shule yetu ya namna hiyo, mnada wa korosho. Anayetoka mnadani na kusema korosho imefika elfu nne hajadanganya. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 ilivuka kweli shilingi 4,000 kwa kilo. Lakini hakuna mkulima wa Tandahimba anayepanga kuezeka nyumba kwa bei hiyo ya mnadani. Anajua kuna makato ya ushuru, ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), ya chama kikuu, ya ghala na usafirishaji. Anajua zikipangwa daraja la pili bei ni nyingine, na kwamba fedha haziingii siku nyundo inapogongwa. Mtu mwenye akili hiyo kwenye korosho, kwa nini aiache nyumbani anapoulizia mshahara wa nchi za watu?

Basi tuifanyie riyali 1,800 hesabu ya mnada.

Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, ambao ni mshahara wa msingi. Mwajiri asipotoa malazi anaongeza 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Ukijumlisha unapata 1,800. Sasa rudi kwenye ule ujumbe: riyali 1,800, *na* malazi, *na* chakula. Ama kampuni hiyo inalipa vizuri kuliko kima cha chini, ama kitu kilekile kimehesabiwa mara mbili, na mpwa wangu atakachoshika mkononi ni riyali 1,000. Ujumbe wenyewe hausemi. Tofauti ya riyali 800 kwa miezi 24 inatosha kujenga nyumba ya kawaida Newala, na imejificha kwenye neno "mshahara".

Nikachukua ile 1,000, nikaiweka kwenye shilingi. Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola, riyali 3.64 kwa dola moja, na dola nimeikadiria shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Hapo riyali 1,000 ni kama shilingi 687,000, na haikatwi kodi ya mapato. Kwa kijana wa vibarua hizo ni fedha nyingi, nami sitaki kuzidharau. Zinazidi hata kima cha chini cha mtumishi wa umma wa hapa, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Akitumia riyali 250 kwa sabuni, simu na mahitaji madogo, anabakiwa na shilingi 515,000 hivi kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni milioni 12 na laki tatu na ushee.

Kisha nikaweka mikorosho mezani. Msimu uliopita, baada ya makato, dawa ya salfa na palizi, shamba lilimwachia kama milioni 1.2. Miaka miwili ya kutokuwepo shamba ni milioni 2.4. Na siku akirudi akitaka kulinunua tena, hata kama mnunuzi atakubali kulirudisha kwa bei ileile ya milioni 5, zile milioni 12 zinashuka hadi saba na kitu. Ondoa mavuno aliyokosa, anabaki na milioni 5 hivi. Gawa kwa miezi 24, ni kama shilingi 205,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo faida ya kulinda lango la watu usiku kucha, mbali na mama yake, ikiwa hakuna mwezi hata mmoja utakaocheleweshwa.

Lakini geuza kitu kimoja tu. Sheria za Qatar, kama zile za Falme za Kiarabu, zinakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Mzigo huo ni wa mwajiri. Akipata mwajiri anayeifuata sheria hiyo, shamba haliuzwi. Anaweza kulikodisha, au kaka yake akalihudumia wakagawana. Zile milioni 12 zinabaki zake, na mavuno yapo. Safari ni ileile na mshahara ni uleule, ila sasa ninaweza kumuunga mkono kwa moyo mweupe. Kwa hiyo ubishi wetu wa kifamilia, aende au asiende, umekuwa ukizunguka mahali pasipo na jibu. Kilichoibeba hesabu yote ni zile milioni 5 na nani anazilipa.

Hao wanaotaka fedha kabla ya mkataba nawafananisha na wanunuzi wa kangomba. Wanamjia mtu akiwa na shida, wanampa bei ya shida, na korosho bado ziko juu ya mti.

Kuna jambo jingine ambalo fedha zilitaka kulifunika. Kijana ni fundi umeme, na kazi aliyopewa ni ulinzi. Dada anasema ataanza na ulinzi kisha atahamia umeme. Inawezekana, tangu mwaka 2020 Qatar imeondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri wa kwanza ili kuhamia kwa mwingine, na hilo ni badiliko kubwa ukilinganisha na zamani. Lakini mlinzi anayefanya zamu ndefu anatafuta kazi ya pili saa ngapi, na ataonyesha uzoefu gani? Miaka miwili bila kushika waya inamrudisha nyuma hapa na kule. Ndiyo maana kwenye uchunguzi wa mshahara mimi naweka swali la mwaka wa tatu mbele ya lile la mwezi wa kwanza. Mchomeleaji wa hapa aliyepasi jaribio la kuunga mabomba la nafasi ya 6G (bomba limefungwa mshazari, halizungushwi) anabeba ujuzi unaopimwa kwa kipimo kilekile kwenye mitambo ya gesi ya nchi yoyote. Kila mwaka wa kazi unampandisha bei. Mlinzi wa mwaka wa tatu analipwa karibu sawa na wa mwaka wa kwanza.

Wanaosema utafiti unadanganya wana haki yao pia. Ukiandika kwenye simu "mshahara Qatar" unaletewa wastani uliochanganya injinia wa mafuta na mfagiaji, mwenyeji na mgeni. Wastani wa namna hiyo umepotosha wengi, na ni kweli kwamba Ghuba watu wa mataifa tofauti hulipwa tofauti kwa kazi moja. Afadhali nchi zinazotoa takwimu kwa kila kazi. Ujerumani ofisi ya ajira ya serikali ina ukurasa wa bure uitwao Entgeltatlas, unaonyesha mshahara wa kati wa kila kazi kwa kila mkoa, yaani nusu ya watu wanapata chini ya hapo na nusu juu. Huo nao ni wa kabla ya makato: asiye na mwenza wala mtoto anayelipwa euro 3,000 hupokea kati ya 2,000 na 2,100, na kodi ya nyumba bado.

Takwimu pia huchacha. Mpwa wangu wa kike anasomea uuguzi, na wenzake darasani walikuwa na mpango wa kwenda Uingereza kutunza wazee. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga mlango wa kuwaajiri watunzaji wapya kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kuomba mwenyewe, ila Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza hairuhusu mawakala kuja kuvuna wauguzi kwenye nchi hizo. Maana yake ni kwamba anayekuja Masasi akisema anakusanya wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza ameshajieleza. Hili mtu hulijua kwa kusoma, na halihitaji kuwa na ndugu London.

Kwa mabinti wa kazi za ndani mizani yangu haiko sawa pande zote mbili, na sitajifanya iko sawa. Mwaka 2017 Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, walizungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wakaeleza habari za pasi kuchukuliwa, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, na zamu zisizo na mwisho. Kazi iliyo ndani ya nyumba ya mtu haina shahidi. Kwa binti huyo kiasi cha mshahara ni swali la tatu. Kwanza ni nani atapokea simu yake usiku, na pasi itakaa kwa nani.

Nilichomwambia mpwa wangu ni hiki. Amwombe ajenti mkataba wenye mshahara wa msingi umeandikwa peke yake, saa za kazi, jina la mwajiri na nani analipa tiketi. Mshahara wa msingi ndio unaokokotolewa malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo, kwa hiyo asikubali uchanganywe na posho. Aende TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, aulize kama ajenti huyo ana kibali. Amtafute mtu mmoja wa kusini aliyewahi kufanya kazi kwa mwajiri huyo, amwombe amwonyeshe meseji ya benki ya mshahara. Picha za maghorofa tumeziona za kutosha. Na aandike barua nyingine tatu za kuomba kazi ya umeme, hata kama zitachukua miezi.

Dada hakufurahi. Aliniambia nafasi itapotea, na huenda ni kweli. Sina namna ya kumthibitishia vinginevyo, na likitokea hilo nitalibeba mimi. Kijana ametuma maswali yake kwa ajenti. Kwenye jibu la kwanza gharama imeshuka kutoka milioni 5 hadi 3.5, mkataba haujaja. Salfa ya mwaka huu imeshapulizwa, mti hadi mti, na minada inaanza Oktoba.