Roboti Inanitazama, Karani Hanitazami

Hapa Osaka kuna mgahawa ninaopitia jioni nikitoka maabara. Chakula huletwa na roboti yenye uso wa paka, kazi ya kampuni ya Pudu ya China. Ukiipapasa masikio kupita kiasi inanuna. Juzi ilikwama nyuma ya kiti cha mzee mmoja. Mzee akainuka, akaiinamia, akaiomba radhi, akavuta kiti ipite. Mzee huyohuyo tulikuwa tumekaa bega kwa bega tangu nilipoingia, na hakunitupia hata jicho la pembeni.

Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya dirisha la ofisi moja kule nyumbani ambayo siitaji, maana faili langu bado liko pale.

Kwa wasiojua, hayo ndiyo ninayosomea: shahada ya uzamivu kuhusu namna watu wanavyohusiana na roboti. Mjomba wangu Tanga huwatangazia wenzake kijiweni kwamba nimevuka bahari kwenda kusomea kusalimiana na mabati. Hajakosea sana. Katika fani hii watu wanakesha wakipanga roboti ielekeze macho wapi, na kwa muda gani. Mwaka 2009 mtafiti Bilge Mutlu na wenzake waliiweka roboti iitwayo Robovie izungumze mbele ya watu wawiliwawili, wakawa wanabadilisha namna inavyowatazama. Waliotazamwa walijiona wamo kwenye mazungumzo, na roboti wakaipenda zaidi kuliko wale iliowapuuza. Na hayo ni macho ya plastiki! Mashine haina habari nawe, lakini ikikuruka unasononeka.

Sasa tuupeleke utafiti huo dirishani kwetu. Umewahi foleni alfajiri, zamu yako imefika. "Shikamoo mama." Kimya, mama yuko kwenye simu. Baadaye unasikia, "Nakala ziko wapi?" na uso haujainuka. Mtandao hakuna. Bosi katoka. Njoo Jumatatu. Sina haja ya kuendelea, mnajua wenyewe.

"Ahaa, kishaanza huyo. Kaenda Japani juzi, leo kwao kunamnukia." Nawasikia. Jamani, nani kasema Wajapani ni malaika? Mwaka 2015 watafiti walichapisha kazi kutoka jengo la maduka ambako watoto walikuwa wakiizibia roboti njia, wakiitukana, wakiipiga mateke, mpaka ikabidi iandikiwe programu ya kuwakwepa watoto na kujisogeza walipo watu wazima. Na jirani yangu wa mlango wa pili sijui hata sauti yake. Kwetu Tanga huwezi kufuata chumvi dukani bila kuuliza hali za nusu ya mtaa. Hilo ni letu na ninajivuna nalo waziwazi. Nikiwasimulia wenzangu wa maabara kwamba kwetu shida haitajwi kabla ya kuulizana habari za nyumbani, watoto na mgonjwa, wanafungua madaftari waandike. Wao wanatafuta fedha za utafiti ili mashine ijue nusu ya anachokijua bibi yangu barazani. Ndiyo maana inaniuma: utaalamu tunao, halafu tunauacha mlangoni mwa ofisi kama viatu.

Mwingine atasema, "Basi tuleteeni roboti madirishani tupumzike." Wapo waliozileta. Kinshasa waliweka roboti za kuongozea magari mwaka 2013, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, za alumini, zinazotumia nguvu ya jua, na madereva walizisifu kwa sababu mnazozijua: haziombi kitu. Rwanda nao, mwaka 2020, walizitumia kupima joto la wagonjwa wa korona pale kituo cha matibabu cha Kanyinya, wauguzi wasikae karibu nao muda mrefu. Sizipingi hata kidogo, ndizo zinazonilisha. Ila ofisini kwenu mimi sizitaki, na ninayo sababu. Mwaka ninaondoka, hati yangu moja ilikosa mhuri. Mama wa dirisha lilelile akaniuliza, "Mwanangu, ndege yako lini?" Nilipomjibu akafunga droo yake, akakaa na mimi kwenye benchi saa za kazi zimeshapita, mpaka bosi akarudi akagonga mhuri. Roboti ingenitazama vizuri mno na kunirudisha nyumbani. Hata huku, zile zinazozungumza kwa utamu kwenye majaribio mara nyingi zina mtu chumba cha pili anayeziendesha.

Kwa hiyo msinijibu kwamba makarani hawawezi. Nimemwona anaweza.

Limebaki la mshahara, na wanaolisema wana haki nusu. Mshahara ni mdogo kweli, feni haizunguki, na watu ni wengi. Lakini mama ntilie wa nje ya geti hilohilo hana mshahara wala pensheni, moshi uko machoni, foleni yake ndefu, na bado anakupakulia wali anakutazama usoni anakuita mwanangu. Saa saba yule karani anatoka kwenda kula kwake. Pale bandani anataniana na kila mtu, anauliza mtoto wa fulani kapona? Saa nane anarudi dirishani. Katika saa ile moja mshahara wake haukupanda wala kushuka, kwa hiyo niambieni kilichobadilika ni nini, na tafadhali msianze na serikali.