Kiporo changu kina wapangaji

Jamani, ukiwa na mtoto aliyeanza baiolojia sekondari, aga kiporo chako mapema.

Mimi nimekuzwa na kiporo. Pilau ya jana iliyolala sufuriani, ukaiamsha asubuhi kwa chai ya rangi, hicho si chakula, ni kiinua mgongo. Juzi nimeshika kijiko tu, Neema huyu hapa na daftari.

"Shikamoo baba. Usile."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Bakteria."

Eti ni viumbe wa seli moja, na ndani ya hiyo seli hata kiini hawana. Wakipata joto na chakula, wapo ambao mmoja anajigawa wawili kila dakika 20. Hakuna posa, hakuna mahari, hakuna kamati ya harusi. Na mimi nilivyochangishwa! Neema akapiga hesabu: tangu saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mmoja keshafika 16,777,216. Sensa ya 2022 Dar nzima ilikuta watu milioni 5 na ushee. Yaani sufuriani mwangu kuna Dar tatu, na foleni hakuna.

Nikasema nitaipasha moto. Akasema wako wanaoacha sumu kwenye wali, na hiyo sumu moto hauiwezi. Wamekufa na bado wanadai!

Nikamgeuzia kibao: na mtindi unaokunywa kila jioni, hawamo? "Hao ni wazuri, baba." Kumbe hata huko kuna watoto wa wakubwa.

Hasira zikaniletea mafua. Nikaenda duka la dawa nikaomba rangi mbili zangu. Muuzaji akanikatalia: mafua ni virusi, hiyo dawa inaua bakteria. Nyumbani Neema akamalizia somo. Kirusi hata seli siyo. Ni mdogo kuliko bakteria, kamfuko ka protini kenye maagizo ya urithi ndani, basi. Hali, hakui, hazai, mpaka aingie kwenye seli yako. Akishaingia, seli inaacha kazi zake inaanza kumtengenezea wenzake. Nikanyamaza. Ninaye shemeji wa aina hiyo. Alikuja na begi moja kwa siku mbili, huu mwaka wa tatu, na sasa wako wanne.

Ila kilichoniuma ni kuvu. Hamira ya mama Neema, ile inayotulipia kodi kwa maandazi, ni kuvu! Inakula sukari, inatoa hewa, donge linavimba. Ndugu zake ndio ukungu wa mkate na mapunye ya kichwani kwa kitinda mimba wetu. Ukoo mmoja, huyu analisha familia, yule anatuaibisha kanisani. Halafu Neema ananiambia 1928 huko London, Alexander Fleming alirudi likizo akakuta ukungu umeota kwenye kisahani chake cha bakteria, na bakteria wa jirani wamekufa. Ndiyo penisilini hiyo. Mwaka 1945 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwenzangu kaacha kisahani kichafu kapata tuzo. Mimi nikiacha sahani napata maneno mpaka Jumapili.

Protozoa sina haja ya kufundishwa. Amiba na vimelea vya malaria nawafahamu, tumeshalazwa pamoja. Na ule ukijani wa kwenye simtanki ni mwani, unajipikia wenyewe kwa mwanga wa jua. Wapangaji pekee wanaojitegemea humu ndani, na ndio niliotumwa kuwasugua!

Jana usiku saa sita nikanyata jikoni. Nikafunua sufuria gizani, nikahesabu kwa vidole: tangu saa nne, mara sita tu. Mmoja, wawili, wanne... 64.

Hao nawamudu.