Lango la Gereza la Lang'ata Wakati wa Korona

Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Kenya, jamaa za wafungwa walikatazwa kuwatembelea. Wanaotetea uamuzi huo wana hoja nzito. Ndani ya bweni lililojaa, mgonjwa mmoja anatosha kuwaambukiza wote. Tena Gereza la Wanawake la Lang'ata, Nairobi, lina watoto, maana sheria inamruhusu mfungwa kukaa na mwanawe hadi atimize miaka minne. Mtoto wa mwaka mmoja humvalishi barakoa. Kufunga lango kulikuwa sawa.

Ila jamaa huwa hawaji mikono mitupu. Huleta sabuni, sodo, chupi, mafuta ya mtoto. Serikali ikishamzuia anayeleta, yapasa ilete yenyewe, na siku hiyo hiyo. Mama atanawaje kila mara kwa kipande cha sabuni ambacho ndicho anachofulia nguo za mwanawe? Isitoshe, askari jela waliendelea kuingia na kutoka kila zamu, kwa hivyo ugonjwa ulikuwa bado na njia.

Katikati ya Aprili, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba wafungwa zaidi ya 4,800 wameachiliwa, wale wa makosa madogo au waliobakiza chini ya miezi sita. Mahakama inastahili sifa kwa hilo, na wapo wanawake walionufaika: wauza chang'aa, wachuuzi, walioshindwa kulipa faini. Lakini kipimo kilikuwa kalenda. Mjamzito aliyebakiza mwaka mzima hakuguswa nacho. Mwanamume mwenye afya yake aliyebakiza miezi mitatu alikwenda nyumbani.

Najua jibu: usalama wa raia. Kwa muuaji, nakubali. Kwa aliyeiba dukani, sikubali hata kidogo, kwani Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka wajawazito na wenye watoto wapewe kifungo cha nje inapowezekana. Wanawake ni wachache mno magerezani, na uchache huo ndio huwafanya wasahaulike kwenye bajeti. Safari hii ungewafaa, kwa kuwa faili zao zingeweza kupitiwa moja moja. Nani mjamzito, nani ananyonyesha, nani ana kisukari: hayo yamo kwenye kliniki ya gereza, na ndiyo mahakama ingeuliza kwanza, kabla ya miezi iliyobaki.