Baiskeli ya kulala Tanga: kusi haiiwezi, mchanga je?

Mwaka 1933 Francis Faure alilala chali kwenye baiskeli ya Charles Mochet, akakata kilomita 45.055 kwa saa moja mjini Paris. Rekodi ilivunjika, na mwaka 1934 chama cha kimataifa cha baiskeli kikaipiga marufuku mashindanoni. Ilipofufuka miaka ya 1970 ilizaa pia ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, isiyohitaji kusawazishwa.

Kusi ikivuma, aliyekaa wima kwenye Phoenix namba 28 kifua chake ni tanga. Aliyelala anapita chini ya upepo. Ila anayezunguka taratibu barabara za Ngamiani, hapa mjini Tanga, haoni faida hiyo, na mikungu ya ndizi ataifunga wapi?

Hiyo ya magurudumu matatu fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda, na tairi za inchi 20 za baiskeli za watoto zinafaa. Wengi hukosea kwenye usukani. Kwenye kona, gurudumu la ndani lazima likate zaidi ya la nje. Vuta uzi kutoka kwenye pini ya kugeuzia gurudumu, upite tundu la mkono wa usukani: nyuzi za pande zote mbili zikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Kisha pima nafasi kati ya ringi mbili za mbele, kwenye kingo zao za mbele na za nyuma, kwa kimo cha ekseli; ya kingo za mbele ipungue milimita moja au mbili tu. Ikizidi, tairi inaburuzwa badala ya kubingirika, na mpira unalika upesi.

Mnyororo nao una mita tatu na nusu hadi nne, karibu minyororo mitatu ya kawaida, tena unapita kwenye puli chini ya kiti, jirani kabisa na mchanga. Oili nyingi hapo hunasa mchanga na kuwa msasa.

Hatari kubwa zaidi ni mguu. Ukiteleza kwenye pedali ukagusa lami, unavutwa nyuma chini ya fremu na kifundo kinaweza kuvunjika. Kanda za kufungia mguu ni lazima, na huku watu wanaendesha na ndala!

Kwa hiyo kwa matumizi ya kila siku mjini sioni ikiishinda Phoenix. Ila baiskeli za kuzungusha kwa mikono za walemavu zina la kuazima: kiti kikishushwa, hazipinduki kirahisi kwenye kona. Kisishuke chini ya sentimita 45 hivi, kimo cha kiti cha sebuleni. Chini ya hapo mwenyewe atasubiri mtu wa kumwinua.